Jedwali Halijui Nani Alikuwa Usukani

Nimeulizwa tena. Safari hii ni jirani yangu, mtu msomi, anayekesha kuangalia mbio za saa 24 kila Juni. Alinikuta dukani nanunua mkate, akanishika mkono: "Bwana fundi, hivi yule dereva aliyeshinda katikati ya mwaka amepatwa na nini? Toka siku ile hajakanyaga jukwaa. Amelewa sifa, eti?" Swali hili nimelijibu harusini, nimelijibu kwenye foleni ya benki, nimelijibu hata msibani. Kazi yangu ni kusoma data za magari ya mbio, mzunguko kwa mzunguko, na kila msimu ukifika nusu najua swali linakuja. Leo nalijibu kwa maandishi.

Hajalewa sifa. Kinacholewesha ni jedwali la matokeo, na wanaolewa ni sisi tunaolisoma.

Naelewa kosa linakotoka. Wengi wetu tulijifunza mbio za magari kando ya barabara za vumbi za Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda Safari mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na kila mara usukani ulikuwa mikononi mwake, msomaji wa njia akiwa pembeni. Ukisema Mehta alikuwa juu mwaka fulani, umesema jambo linaloeleweka. Ukija na kipimo hicho hicho kwenye mbio ndefu za magari ya michezo, ambako gari moja hupokezanwa na watu wawili au watatu kwa saa 6 au 24, umekuja na rula kupima uzito wa mahindi.

Chukua msimu wa 2016 wa mashindano ya dunia ya mbio ndefu. Porsche namba 2 iliendeshwa na Romain Dumas, Neel Jani na Marc Lieb. Tazama matokeo yao: wa kwanza Silverstone, wa pili Spa, wa kwanza Le Mans. Halafu mbio 6 zilizobaki: wa nne, wa nne, wa nne, wa tano, wa nne, wa sita. Baada ya Juni hawakupanda jukwaani hata mara moja. Kama kuna karatasi ya kumpa mtu anayeamini kwamba madereva hupanda na kushuka, ni hii. Watu watatu walioshika dunia hadi katikati ya mwaka, kisha wakafifia wote kwa pamoja.

Sasa tulifungue jedwali hilo, maana ndani yake hamna hayo yanayosemwa.

Silverstone, Aprili. Gari lililovuka mstari la kwanza lilikuwa Audi namba 7. Baada ya mbio wakaguzi wakalipima, wakakuta kibao cha chini ya sakafu yake kimelika kupita kiwango kinachoruhusiwa. Audi ikafutwa, na Porsche namba 2 ikarithi pointi 25. Dumas na wenzake walishinda jioni, gari likiwa limekwisha kuzimwa. Walikuwa wameendesha vizuri, ndiyo, lakini uendeshaji wao ungekuwa ule ule hata kama kibao cha Audi kingebaki kinene, na leo jedwali lingesoma wa pili.

Le Mans, Juni. Zikiwa zimebaki dakika kama 3 hivi kati ya saa 24, Toyota namba 5 ilikuwa inaongoza, Kazuki Nakajima usukani. Kiungio cha bomba la hewa kati ya turbo na kipozeo chake kikaachia. Injini ikakosa nguvu, gari likajikokota, likasimama kwenye mstari mnyoofu mbele ya mashabiki, mafundi wake wakilitazama. Porsche namba 2 ikapita. Toyota ile haikuhesabiwa hata kuwa imemaliza, kwa sababu mzunguko wake wa mwisho ulizidi muda unaoruhusiwa. Jaribu kutafuta ndani ya dakika hizo 3 kiwango cha Nakajima kilishuka wapi. Mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta mpaka chini.

Ninachowasifia wale watatu wa namba 2 ni Spa, mbio ambazo hakuna anayeniuliza habari zake. Mfumo wao wa haibridi ulipata hitilafu, wakaendesha sehemu kubwa ya mbio bila msukumo ule wa ziada ambao wapinzani walikuwa nao, na bado wakaleta gari nyumbani la pili. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kazi yao bora ya mwaka mzima. Jedwali linaiweka chini ya Silverstone.

Na huko "kushuka" kwao? Baada ya Le Mans walikuwa na pointi 94, na aliyewafuata alikuwa nyuma yao kwa karibu 40. Mtu mwenye pengo hilo haingii kona kwa kujitupa ubavuni mwa gari la daraja la chini, linalokimbia humo humo kwa mwendo mdogo, ili apate nafasi moja. Anasubiri kona ifuatayo. Kusubiri huko, kona baada ya kona, msongamano baada ya msongamano, kwa saa 6, ni sekunde nyingi, na sekunde hizo zinatosha kumtoa mtu jukwaani. Wakati huo huo Porsche namba 1 ya Timo Bernhard, Mark Webber na Brendon Hartley haikuwa na cha kulinda. Silverstone iligongana na gari la daraja la chini ikiwa mbele, Spa ikaandamwa na pancha, Le Mans pampu ya maji ikaiweka gereji usiku. Ikaenda vitani, ikashinda mbio 4 kati ya zile 6. Msimu ulipofungwa, namba 1 ilikuwa na pointi 134.5. Namba 2, waliofifia, walikuwa na 160, na wakawa mabingwa wa dunia. Siku yenyewe ya kutawazwa, Bahrain, waligongana na gari la daraja la chini mapema, wakapata pancha, wakamaliza wa sita.

Sidai kwamba walikuwa na kasi sawa na namba 1 katika nusu ya pili. Hawakuwa nayo. Lakini wa nne mara nne bila kuanguka ni kazi, na wanaoiita kushuka hawajawahi kujaribu kuleta gari la namna ile nyumbani mara sita mfululizo. Mwaka uliofuata Audi ilikuwa imejitoa, madereva wake wakawa sokoni, na Dumas na Lieb hawakupata kiti tena katika magari yale ya juu ya Porsche. Mabingwa wa dunia. Wiki moja tu baada ya Le Mans ya 2016, Dumas alikuwa amekwenda Marekani akashinda mbio za kupanda mlima Pikes Peak. Huyo ndiye aliyefifia?

Hapo ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu swali la jirani yangu huwa lina mkia: "Si wambadilishe tu?" Hii ndiyo dawa ya mitishamba ya mchezo huu. Inauzwa na watangazaji, inanunuliwa na wamiliki wa timu ndogo, na mara nyingi inaonekana imeponya, kwa sababu ileile inayofanya mafua yapone baada ya kunywa chochote. Dereva hutolewa baada ya mbio mbovu zaidi. Baada ya mbio mbovu zaidi, zinazofuata kwa kawaida huwa nafuu, awe yeye au mwingine, kwa kuwa kiungio cha hewa hakiachii kila wiki. Anayeingia anapewa sifa ya bolti iliyokazwa.

Angeondolewa Nakajima kwa mantiki hiyo, ingekuwa mapema mno. Mwaka 2014 aliondokea nafasi ya kwanza Le Mans, Mjapani wa kwanza kufanya hivyo, na gari lake likafa usiku likiwa mbele kwa sababu ya waya ulioyeyuka. Mwaka 2016 zikaja zile dakika 3. Kisha akashinda 2018, 2019 na 2020. Mikono ni ile ile. Na hata ushindi wa 2019 una upande wa pili: Toyota namba 7 ilikuwa mbele takriban saa moja kabla ya mwisho, kihisi kikaonyesha pancha, mafundi wakabadili tairi, kumbe nyaya za vihisi zilikuwa zimepishana na tairi lililotolewa lilikuwa zima. Ikabidi warudi tena. Mike Conway, Kamui Kobayashi na José María López walisubiri hadi 2021.

Mwaka juzi baba mmoja aliniletea kijana wake wa miaka 13, mwendesha magari madogo ya mbio (go-kart). Alikuwa ameshinda mara mbili, kisha mbio tatu akawa wa mwisho mwisho. Baba alikuwa amekwisha kumbadilishia helmeti, kumpeleka kwa mtu wa kufundisha kujiamini, na kumnyima simu mwezi mzima. Kijana hakuninyanyulia macho. Nikainua nyuma ya gari lake, nikaiweka juu ya stendi, nikazungusha gurudumu kwa mkono na kusogeza kipande cha chaki karibu na ukingo wa rimu. Kila mzunguko chaki iligusa mahali pamoja tu. Tak. Tak. Tak. Ekseli ilikuwa imepinda. Kijana aliisikia kabla ya baba yake, akainua kichwa. Miezi mitatu mtoto alikuwa ameambiwa tatizo liko moyoni mwake.

Basi, kwa anayetaka kumpima dereva kweli, haya hapa kwa haraka. Mlinganishe na wenzake wa gari lile lile tu. Gari jingine linaweza kuwa na uzito au nguvu tofauti kwa amri ya waandaaji, na kwenye Super GT ya Japani anayeshinda huongezewa kilo ili wengine wamfikie. Soma zamu, usisome mzunguko mmoja: ondoa mizunguko ya gari la usalama, ya kuingia na kutoka piti, na ile ya msongamano, uchukue wastani wa inayobaki. Uliza alipewa matairi mapya au ya zamu ya pili, tangi limejaa au limebaki robo, saa nane mchana au saa kumi alfajiri lami ikiwa imepoa. Uliza aliagizwa nini redioni, kwa sababu anayeachia mafuta kabla ya kona huenda anaokoa lita alizoamriwa kuokoa. Angalia kama timu ina dereva asiye wa kulipwa, ambaye kanuni zinataka aendeshe muda maalumu. Ukiwa mmiliki, kagua gari kabla ya mtu. Ukiwa dereva, omba data zako na za mwenzako kwenye skrini moja, tazama breki kwanza. Na kama bado unamtilia shaka, subiri mvua ya usiku, tairi likiwa limechoka, kisha uangalie tofauti kati yake na mwenzake aliyetoka kwenye kiti kile kile dakika chache kabla.