Lango Limevunjika, Kazi Imebaki

Juni 30, 2024, siku tano baada ya waandamanaji waliopinga kodi mpya kuingia katika majengo ya Bunge la Kenya, Rais William Ruto aliketi Ikulu ya Nairobi na wanahabari watatu: Linus Kaikai, Joe Ageyo na Eric Latiff. Walimbana kuhusu kodi, kuhusu polisi na kuhusu waandamanaji waliouawa, nchi nzima ikitazama. Julai 5 rais huyohuyo akaingia kwenye mjadala wa sauti katika mtandao wa X. Safari hii hapakuwa na mwanahabari katikati. Vijana walimweleza wenyewe uchungu wao, na wengine walidai moja kwa moja kwamba waliowaua wenzao wachukuliwe hatua.

Nimefundisha na kuandika kuhusu vyombo vya habari kwa muda mrefu, na sijui wiki nyingine iliyoonyesha mabadiliko ya kazi yetu waziwazi kama ile. Vijana wale hawakuomba ruhusa ya mhariri yeyote ili wamkabili kiongozi wao. Hilo ni jambo la kufurahia, nami nalifurahia bila kusitasita. Lakini katika mjadala wa namna ile msemaji hupata zamu moja, kisha kipaza sauti huhamia kwa mwingine mwenye swali lake tofauti. Jibu likikwepa swali, mara nyingi hakuna anayerudi nyuma kulidai. Mwanahabari aliyeketi Ikulu ana nafasi ya kuuliza mara ya pili na ya tatu, naye huwa amejiandaa na takwimu mkononi.

Kwa miaka mingi wataalamu wameeleza kazi ya mwanahabari kwa mfano wa mlinzi wa lango. Mwaka 1950 mtafiti wa Marekani, David Manning White, alichapisha utafiti kuhusu mhariri mmoja wa gazeti katika jimbo la Illinois, akampa jina la kubuni la Bwana Gates. Kwa wiki moja ya Februari 1949 mhariri huyo alihifadhi kila taarifa ya mashirika ya habari aliyoikataa, akaandika na sababu. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za habari zilizomfikia hazikuchapishwa. Sababu zake zilikuwa ukosefu wa nafasi na, mara nyingi, mapenzi yake mwenyewe. Msomaji wa gazeti lile hakujua kabisa alichonyimwa.

Lango hilo leo limevunjika, na wenye kulililia wanasahau ni watu wangapi lilikuwa limewafungia nje.

Tazama kilichotokea kabla ya waandamanaji kuingia Bungeni Juni 25. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, pamoja na tozo nyingine nyingi zilizofichwa ndani ya lugha ya kisheria. Waliousoma kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa lugha inayoeleweka walikuwa vijana wenye simu. Walirekodi video fupi za TikTok, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za makabila yao, na mmoja akatengeneza programu ya akili bandia ya kujibu maswali kuhusu muswada huo. Namba za simu za wabunge zikasambazwa ili wapiga kura wawapigie wenyewe. Juni 18 kodi ya mkate na ya magari ziliondolewa. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha muswada dhidi ya 106 walioupinga, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Kusoma muswada na kumweleza mwananchi utamgusaje mfukoni ni kazi ya mwanahabari, kwa maelezo ya kitabu chochote cha taaluma hii. Vyumba vya habari vyetu vimezoea kuripoti muswada kwa kunukuu: mbunge wa serikali amesema hivi, wa upinzani akajibu vile. Vijana waliruka wasemaji wote wawili, wakaenda kwenye maandishi. Walifanya vizuri kuliko sisi, na sababu yao ilikuwa rahisi: ile kodi ilikuwa yao.

Usiku wa Juni 25, hata hivyo, mitandao hiyohiyo ilionyesha upande wake wa pili. Zilisambaa taarifa kwamba kule Githurai, pembezoni mwa Nairobi, watu kwa mamia wamepigwa risasi na miili yao kuondolewa gizani. Video zilikuwapo, milio ya risasi ilisikika, na watu waliosambaza taarifa hizo hawakuwa waongo. Wengi walikuwa na hofu ya kweli. Wanahabari waliofuatilia, BBC wakiwamo, walipata kwamba risasi zilipigwa na watu waliuawa. Ushahidi wa mauaji ya mamia hawakuupata. Kusema hivyo hadharani kulihitaji ujasiri wa aina yake, kwa sababu wengi waliona kwamba ukipunguza idadi unaitetea serikali. Mtu mmoja aliyepigwa risasi ni wengi mno, na jina lake hupotea haraka zaidi likizikwa chini ya mamia ya kubuni.

Hapo ndipo naiona kazi mpya. Zamani mwanahabari alisimama kati ya mwenye mamlaka na mwananchi. Sasa mwenye mamlaka anazungumza mwenyewe, na mwananchi anamjibu mwenyewe. Nafasi iliyobaki ni kati ya mwananchi na kipande cha ushahidi kilichokwisha kumfikia kwenye simu. Kipande hicho ni nini, kilipigwa wapi, saa ngapi, na kinathibitisha nini?

Maswali hayo hayajibiwi kwa kutazama tu. Picha ikipitia WhatsApp kwa kawaida hupoteza taarifa za saa na mahali zilizohifadhiwa ndani yake. Mchunguzi hulazimika kulinganisha majengo, mabango na miti na picha za setilaiti, kupima vivuli ili kujua saa, kusikiliza mlio wa risasi katika video mbili tofauti ili azipange kwa sekunde. Ni kazi ya siku nyingi na haina umaarufu wowote inapoendelea.

Matokeo yake yalionekana Aprili 2025, BBC Africa Eye walipotoa filamu kuhusu mauaji ya waandamanaji nje ya Bunge. Walichambua picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na waandamanaji wenyewe au kurushwa mubashara siku ile, kisha wakamtambua askari polisi na mwanajeshi ambao, kwa uchambuzi wao, ndio waliofyatua risasi zilizoua. Onyesho lililopangwa kufanyika Nairobi lilifutwa. Filamu ikasambaa YouTube. Bila simu za vijana uchunguzi huo usingewezekana. Na bila wachunguzi, video zile zingebaki vipande elfu kadhaa vya hasira visivyoweza kumfikisha mtu yeyote mbele ya hakimu.

Wako wanaodhani kwamba nyaraka zikiwa wazi kwa wote, mtu wa kati hana kazi tena. Uchaguzi wa rais wa Kenya wa Agosti 2022 ulilijaribu wazo hilo. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni fomu 34A za matokeo kutoka vituo vyake 46,229 vya kupigia kura, kila mwenye intaneti ajumlishe. Vyombo vikubwa vikaanza kujumlisha, kila kimoja kwa mpangilio wake, na kwa saa ileile runinga moja ilimwonyesha Ruto akiongoza huku nyingine ikimwonyesha mpinzani wake, Raila Odinga. Namba zote zilikuwa za kweli. Fomu zilizojumlishwa ndizo zilizotofautiana. Vyombo vikapunguza kasi, vingine vikasimama, na nchi ikabaki na wasiwasi hadi Agosti 15. Kilichokosekana ni maelezo: ni vituo gani vimehesabiwa, vya maeneo gani, na kwa nini pengo litabadilika vikiongezwa vilivyobaki. Kueleza hivyo ndiyo kazi yenyewe, na siku zile haikufanywa.

Nisieleweke kwamba mitandao ni uwanja usio na mwenyewe. Kampuni zinazoimiliki zina walinzi wao, yaani programu zinazoamua video ipi ikufikie na ipi izame. Bwana Gates angalau alikuwa na ofisi, na msomaji aliweza kumwandikia barua. Tena lango la zamani halijatoweka lote: Juni 25, 2025, katika kumbukumbu ya mwaka mmoja wa maandamano yale, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru vituo vya utangazaji visirushe maandamano mubashara, na mitambo ya baadhi yavyo ikazimwa mpaka Mahakama Kuu ilipositisha amri hiyo. Vituo vilivyozimwa viliendelea kurusha matangazo kupitia intaneti, vikitegemea mitandao ambayo kwa miaka mingi vilikuwa vikiidharau.

Wapo wanaofanya kazi hii mpya ya uhakiki kwa bidii katika ukanda wetu: PesaCheck tangu 2016, Piga Firimbi ya Africa Uncensored, na JamiiCheck ya JamiiForums kule Tanzania. Ninachowaomba wamiliki wa vyombo ni kuiondoa kazi hiyo pembeni na kuileta penye wasikilizaji. Asubuhi, katika vituo vya redio vya Kiswahili na vya lugha za nyumbani, mtangazaji huwasomea wasikilizaji wake yaliyosambaa usiku, akiwa peke yake na simu yake. Mhakiki wa kwanza aajiriwe pale, awe na mamlaka ya kumwambia mtangazaji asubiri, na alipwe mshahara wa kudumu kama anavyolipwa msoma habari.