Kadi isiyouzwa dukani yawa mali mnadani

WANAOSHUGHULIKA na kompyuta kuukuu jijini Mwanza, kuanzia mafundi hadi wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopima bodi kwa kilo, wana sababu ya kufuatilia habari za kampuni moja ya Marekani iliyokufa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kampuni hiyo ni 3dfx, na bidhaa inayozungumzwa ni kadi ya picha iitwayo Voodoo 5 6000, ambayo haikuwahi kuingia sokoni. Mwaka 2023 nakala moja ya majaribio ilinadiwa katika mtandao wa eBay kwa zaidi ya dola 10,000.

Kwa msomaji asiye fundi, kadi ya picha ni bodi inayochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora kinachoonekana kwenye skrini. Kwa barua na hesabu kazi hiyo ni nyepesi. Kwa michezo ya mbio za magari au ya vita, ambamo kila kitu kinasogea, ni nzito, na humo ndimo 3dfx ilimopata jina. Ilianzishwa California mwaka 1994, na mwaka 1996 ikatoa chipu ya Voodoo. Kadi zenyewe haikuzitengeneza. Iliwauzia chipu watengenezaji wengine, nao wakaunda kadi, wakazitangaza na kubeba hasara ya mali iliyododa.

Desemba 1998 ikatangaza kuinunua STB Systems, mtengenezaji wa kadi aliyekuwa na kiwanda Juárez, Meksiko. Tangu hapo ilitaka kuunda na kuuza kadi zake yenyewe. Wafanyabiashara wa ziwani wataelewa haraka: ni sawa na mwenye kiwanda cha nyavu kununua mitumbwi, kuanza kuvua mwenyewe, na kuacha kuwauzia nyavu wavuvi waliomtajirisha. Wavuvi hawaachi ziwa. Wanatafuta nyavu kwingine, na katika biashara hii kwingine kulikuwa kwa Nvidia.

Mwishoni mwa 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256, chipu moja iliyofanya kazi nyingi zaidi peke yake. 3dfx, ambayo chipu yake mpya ilikuwa imechelewa, ikajibu kwa kuongeza idadi. Voodoo 5 6000 ilibeba chipu nne na kumbukumbu ya megabaiti 128, lakini kila chipu ililazimika kutunza nakala yake ya picha zilezile, kama wapangaji wanne wa nyumba moja wenye majiko manne. Ilikula umeme kiasi cha kuhitaji kifaa chake cha kuchomeka ukutani. Bei iliyotarajiwa ilikuwa dola 600 hivi. Marekebisho yaliendelea, na fedha zikaisha kwanza.

Desemba 2000 3dfx ilikubali kuiuzia Nvidia mali zake, na Oktoba 2002 ikapeleka mahakamani maombi ya kufilisika. Wadai walivutana na Nvidia mahakamani kwa miaka kadhaa. Mwenye hisa mdogo akumbuke kwamba katika foleni ya namna hiyo yeye husimama nyuma ya wadai wote.

Sasa turudi Mwanza. Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio hilo likalegea polepole hadi miaka ya 1990. Mashine nyingi zilizofika kwetu baadaye kama mitumba zilitoka maofisini, ambako hakuna aliyenunua kadi ya michezo. Kwa hiyo anayefikiria kununua shehena nzima ya kompyuta za zamani akitegemea bahati hiyo, mahesabu hayampi nafasi. Voodoo 5 6000 haikuuzwa kwa mtu yeyote, basi haiwezi kutoka kwenye mtumba wa kawaida.

Ndugu zake, hata hivyo, waliuzwa kwa wingi. Voodoo2 ya mwaka 1998 na Voodoo 5 5500 ya mwaka 2000 bado zinatafutwa na wakusanyaji, kwa makumi hadi mamia ya dola kutegemea aina na hali. Dalili ya kwanza ni neno 3dfx juu ya chipu. Voodoo2 haikuchora maandishi ya kawaida, ilitegemea kadi nyingine, na ndiyo maana nyuma ina matundu mawili ya waya wa skrini. Ile 5500 ina chipu mbili, kila moja na feni yake.

Fundi wa Makoroboi akiipata asiikwangue wala kuing'oa feni kutafuta shaba. Aipige picha pande zote mbili, kisha aijaribu kwenye mashine ya umri wake, kwani mnunuzi wa ng'ambo huuliza kwanza kama inawaka, na isiyojaribiwa hushuka bei sana. Gharama ya kuituma aihesabu kabla ya kutaja bei.