Kuikarabati Fleti ya Mji Mkongwe Iwe Nyumba ya Familia

Fleti nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja hazikujengwa kuwa fleti. Zilikuwa vyumba na kumbi za nyumba ya familia moja, mara nyingi ya tajiri wa Kiarabu au mfanyabiashara wa Kihindi, iliyojengwa katika karne ya 19 mji ulipokuwa unaneemeka kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba nyingi zikachukuliwa na Serikali na kugawiwa wananchi. Nyumba iliyokuwa ya mzee mmoja na wanawe ikakaliwa na familia kadhaa. Ukumbi ukakatwa kwa mbao, jiko likahamia roshani, na mabomba yakapandishwa ghorofani ambako zamani maji yalifika kwa ndoo. Anayeanza ukarabati leo hana budi kwanza kutambua kipi ni cha nyumba yenyewe na kipi kiliongezwa baadaye.

Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na miti ya mikoko. Kuta zina unene wa nusu mita au zaidi. Juu yake hulazwa boriti, na juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa zege la chokaa ambalo zamani lilipigwapigwa kwa miti mpaka likashikamana. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, kiasi cha mita 3 kwa upana. Sakafu ya namna hii ni nzito mno hata kabla haijawekewa kabati, na uzito wote huishia kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Ncha hizo zikioza, sakafu haina kingine cha kuishikilia.

Kinachoziozesha ni maji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vinyweleo. Lipu ya saruji huziba njia hiyo. Unyevu hubaki ndani, hupanda juu zaidi, na chumvi inayosafiri nayo hukauka nyuma ya saruji na kuisukuma hadi ibanduke kwa mapande. Fundi huirudishia kwa saruji nyingine, nzito kuliko ya kwanza, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta huwa umelowa hadi usawa wa boriti. Isitoshe, nyumba ya chokaa husogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Chokaa hustahimili mwendo huo, saruji hupasuka. Katika yote yanayofanywa kwa nia njema Mji Mkongwe, hakuna lililoziumiza nyumba hizi kuliko mfuko wa saruji.

Kwa hiyo inafaa kutafuta fundi mwashi anayeijua chokaa, hata kama bei yake iko juu. Chokaa ya asili hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha shimoni kwa wiki nyingi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Lipu hupakwa tabaka jembamba baada ya jembamba, na kila tabaka hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa magunia lisikaukie juani, kwani chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole. Pendekezo la kuchanganya saruji kidogo ili lipu ishike haraka hutolewa karibu kila mara, na linapaswa kukataliwa kila mara.

Kabla ya fundi kugusa kitu, panahitajika vibali. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ndiyo inayoidhinisha ujenzi na ukarabati. Nyumba ikiwa ya Serikali au ya wakfu, mpangaji huhitaji pia ridhaa ya mwenye mali. Ni busara vilevile kuzungumza mapema na jirani wa chini na wa juu, kwa kuwa sakafu ya mmoja ni dari ya mwingine na bomba linalovuja halijui mpaka.

Kazi yenyewe huanzia juu. Paa na michirizi hutengenezwa kwanza, kisha mabomba, kisha boriti, na kuta hufuata baada ya hapo. Boriti hukaguliwa kwa kugongwa kwa nyundo na kuchomwa kwa bisibisi karibu na ukuta. Inayotoa mlio mfu au kuruhusu bisibisi kuzama hubadilishwa, baada ya dari kuegemezwa kwa nguzo za muda. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa huwa na uzito wa tani moja, hivyo hukaa juu ya kuta nene, kamwe si katikati ya sakafu. Choo na bafu vipangwe juu ya choo na bafu vya jirani wa chini, na mabomba yapite nje ya ukuta yanakoonekana: hayapendezi sana, lakini uvujaji hugunduliwa siku hiyohiyo. Nyaya za umeme za zamani hung'olewa zote.

Kazi hii ina hatari zake. Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Ajabu, jengo maarufu la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo familia yenye watoto haifai kulala ndani ya fleti ambayo boriti zake zinabadilishwa.

Watoto wana mahitaji yao mengine. Madirisha mengi huanzia karibu na sakafu na roshani zina vizuizi vya mbao vilivyolegea. Nondo za dirisha na mbao za roshani hukazwa kabla ya kuhamia, na ngazi, ambazo ni kali, huongezewa kishikio cha chini kwa mikono midogo. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru akili ya mtoto, kwa hiyo hukwanguliwa zikiwa zimeloweshwa ili vumbi lisiruke.

Mapambo huwa mepesi kwa sababu nyumba yenyewe imekwishapambwa. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizozibwa kwa lipu zikifunguliwa hutoa rafu za vitabu, misahafu na vyombo bila kula nafasi ya chumba chembamba. Chokaa nyeupe ya kupaka hurudisha mwanga ndani, nayo huuacha ukuta upumue, tofauti na rangi ya plastiki. Mbao za kukata ukumbi zikiondolewa, upepo wa kusi na kaskazi hupita tena kutoka dirisha hadi dirisha. Panapohitajika faragha, pazia au kabati lisilofika darini hutosha. Kabati na vitanda huachwa mbali kidogo na ukuta wa nje. Kitanda cha samadari hufaa hapa, kwa kuwa kimeinuka na chini yake huhifadhiwa masanduku. Sakafuni, mikeka na mabusati ni bora kuliko vigae vizito vinavyolazwa juu ya tabaka la saruji.

Baada ya hapo hubaki matunzo ya kila mwaka: michirizi husafishwa kabla ya masika, paa hukaguliwa, nyufa ndogo huzibwa kwa chokaa, na kuta hupakwa chokaa upya zinapofifia.