Je, Wajua? Kalamu za Kitui na Makueni

Je, wajua kwamba Injili ya Marko ilipigwa chapa kwa Kikamba mwaka 1850? Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, ndiye aliyeitafsiri, nayo ikachapwa Tübingen, Ujerumani. Kikamba hakina sauti ya r, basi Marko akaingia kitabuni kwa jina la Malkosi.

Krapf huyohuyo, tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Kutoka huko akauona mlima wenye theluji, akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa wenyeji wake. Jina la nchi yetu, Kenya, liliingia vitabuni kwa masikio ya Kitui. Wanaotuona watu wa ukame na maembe tu, na wajue hilo.

Je, wajua kwamba Kitui peke yake ni kubwa kwa eneo kuliko Rwanda nzima? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na Wakamba 4,663,910 kote nchini. Sasa linganisha: Iceland haifikishi watu laki tano, wanaandika kwa lugha yao wenyewe, na mwandishi wao Halldór Laxness alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1955. Tusisingizie uchache wa watu tunapoacha kuandika kwa Kikamba, basi.

Je, wajua kwamba "mbiti" kwa Kikamba ni fisi? Katika ngano za Ukambani fisi ni yule mlafi asiyejifunza, anayechezewa na sungura kila jioni. Ajabu ni kwamba aliyezikusanya ngano hizo kwa bidii kuliko wengi aliitwa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931. Dunia inamjua kwa kitabu cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, *African Religions and Philosophy*, kinachosomwa vyuoni hadi leo. Wachache wanajua kwamba mwaka huohuo alitoa diwani ya mashairi. Wachache zaidi wanajua kwamba kabla ya sifa zote hizo, mwaka 1954, alikuwa ameandika hadithi kwa Kikamba, *Mutunga na Ngewa Yakwe*, yaani Mutunga na kisa chake. *Akamba Stories*, mkusanyo wa ngano kwa Kiingereza, ukafuata 1966. Kisha uzeeni, akiishi Uswisi, akarudi kwenye lugha ya mama: akalitafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kigiriki hadi Kikamba, likazinduliwa 2014, alipokuwa na miaka 83. Alifariki 2019. Mzee alianza na Kikamba na akamalizia na Kikamba. Hayo ya katikati ndiyo yaliyompa jina.

Je, wajua kwamba vitendawili vya susu wako, yaani bibi yako, vimo kwenye kitabu kilichochapwa Sweden? Msomi Gerhard Lindblom alivichukua Ukambani zamani za ukoloni, akavitoa pamoja na methali na nyimbo mwaka 1934, katikati ya majuzuu mawili ya ngano, moja la 1928 na jingine la 1935. Ukitega kitendawili kwa "Kwata ndai!" mtoto akakosa jibu, jibu huenda liko kwenye rafu huko Uppsala.

Na unamtafuta Mkamba wa kweli? Kitabu kipo: *Mukamba wa Wo* cha David Kimilu, 1962.

Je, wajua kwamba vitabu vya mwana wa Kilungu, Makueni, viliwahi kupigwa marufuku Tanzania? David Maillu, aliyezaliwa 1939, hakungoja wachapishaji wakubwa wamfungulie mlango. Alianzisha kampuni yake, Comb Books, akaandika kuhusu chupa, ofisi, waume wa watu na makarani wanaochelewa kurudi nyumbani. *My Dear Bottle* na *After 4.30* viliuzwa kama maandazi. Wahakiki wa vyuo vikuu wakakunja pua. Mwaka 1976 Tanzania ikavifungia vitabu vya Comb Books. Mimi sivioni kuwa vichafu kuliko yanayosemwa kwenye matatu ya kawaida.

Na kama Mbiti, Maillu naye hakukisahau Kikamba: *Ki Kyambonie* kilitoka 1972. Baadaye akachanganya Kiswahili na Kiingereza, mwaka 1989, kwenye *Without Kiinua Mgongo*, kisha *Anayekukeep*. Hivyo ndivyo mji unavyoongea, na yeye aliuandika miaka mingi kabla ya vijana wa leo kudhani wamegundua kitu. *Broken Drum* cha 1991 kina zaidi ya kurasa 1,000. Kikikuangukia mguuni utachechemea.

Je, wajua kwamba Kamusi ya Methali ya 2001, ambayo walimu wengi wa Kiswahili wanaijua, ni kazi ya Mkamba? Kyallo Wadi Wamitila, mwandishi wa riwaya ya *Bina-Adamu!* ya 2002, naye alikuja kuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Vide-Muwa. Ukambani inaonekana mwandishi hununua kalamu, kisha hutafuta na mashine.

Si kila kisa kimo kitabuni: nje ya mji wa Kitui kuna mwamba wa Nzambani. Wenyeji watakuambia ukiuzunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Sijajaribu.

Je, wajua kwamba leo msimuliaji wa Kikamba anasikika zaidi kuliko anavyosomwa? Yupo Musyi FM, jina lenye maana ya nyumbani. Yupo Mang'elete, redio ya jamii Makueni iliyotokana na vikundi vya akina mama. Ingia sasa duka la vitabu mjini Wote, Makueni. Mbele: vitabu vya marudio ya mtihani. Katikati: madaftari, gundi, rula. Juu, karibu na dari: Mbivilia, yaani Biblia, ambayo Kikamba kiliipata nzima mwaka 1956, na vitabu vya nyimbo za kanisa. Ukiuliza riwaya ya Kikamba, muuzaji anakuuliza, "Ya darasa la ngapi?"

Katiba ya 2010 imekabidhi maktaba kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la vitabu vya Kikamba si la Nairobi tena, ni la Wote na Kitui.

Wewe msomaji, ukienda kwa susu Krismasi hii, fungua lile kabati la vyombo. Ukikuta *Mutunga* au *Ki Kyambonie* chini ya sahani, usikiache kikatumika kuwashia jiko. Kipeleke maktaba ya karibu, na uwaombe wakipige picha kurasa zote.