Kwenda Kuona, au Kwenda na Kuona?

Mwanafunzi wa Hanga akiletewa barua ya Kiingereza yenye maneno haya, "try and come on Monday", huenda akasimama kidogo akajiuliza ameagizwa mambo mangapi. Neno "try" alijua ni jaribu. "Come" ni njoo. Na katikati pana "and", ambalo tangu siku ya kwanza alifundishwa kuwa maana yake ni na. Je, ajaribu kitu fulani kwanza, ndipo aje? Na kitu hicho ni kipi? Asidhani kuwa swali lake ni la kijinga. Ni swali la haki, na Waingereza wenyewe wamelibishania kwa miaka mingi.

Jibu ni kwamba ameagizwa jambo moja tu: ajitahidi aje siku ya Jumatatu. Neno "and" hapa halikuunganisha kazi mbili; limeshika mahali pa "to". Ili tuone jinsi jambo hili lilivyo, yatupasa kwanza kukitazama kile kitenzi ambacho katika sarufi huitwa kitenzi-jina, yaani kile kianzacho kwa ku-: kulima, kusoma, kuuza. Kingoni nacho kina ku- hiyo, kama zilivyo lugha nyingi za jamaa yake. Basi katika lugha zetu ku- imeshikamana na kitenzi kama ganda na mti, haibanduki. Waingereza huweka "to" mbele ya kitenzi, lakini "to" ni neno la kusimama peke yake, nalo laweza kuachwa. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, lakini nyingi katika taabu za wanafunzi wetu zatoka humo.

Chukua maneno yanayojulikana na kila mtu: kusoma na kuandika. Mwingereza husema "to read and write". Ametaja "to" mara moja, nayo yatosha vitenzi viwili, hata vitatu au vinne vikifuatana. Sisi hatuwezi kusema kusoma na andika. Mtoto mdogo atacheka. Na mwanafunzi akisema "to read and to write", hakukosa, ila amelifanya neno kuwa zito, kana kwamba ataka kila kazi ipimwe peke yake. Jambo la kuangalia ni kwamba baada ya "to" ya kwanza, vitenzi vyote vilivyoungwa kwa "and" hubaki vitupu, bila alama ya wakati uliopita. Kwa hiyo "I want to go and buy salt" ni sawa, lakini "I want to go and bought salt" ni kosa.

Sasa turudi kwenye "try and". Msemo huu si wa juzi. Ulikuwapo katika Kiingereza tangu karne ya 17, na Jane Austen, mwandishi mashuhuri aliyefariki mwaka 1817, aliutumia katika barua zake. Walimu wengi wa sarufi waliukataza, wakasema lazima iwe "try to". Lakini H. W. Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilitoka mwaka 1926, aliutetea, akaona ni desturi njema ya lugha, na mtu autumie pale unapomjia wenyewe. Mimi nakubaliana naye, ila nawaambia wanafunzi wangu kwamba katika mtihani na katika barua ya serikali waandike "try to", maana hawajui atakayesahihisha ni wa upande gani.

Tena msemo huu una mpaka wake. Hufaa pale tu kitenzi "try" kinapokuwa kitupu: "I will try and come", "please try and come". Kikivaa alama ya wakati, maana hugeuka. Ukisema "he tried and came", wasikilizaji wataelewa kwamba alijaribu, na kweli akaja. Hapo "and" imerudi kuwa na ya kawaida. Ukitaka kusema kwamba alijaribu kuja, wala hujui kama alifika, huna budi kusema "he tried to come".

Hapo ndipo penye jambo kubwa zaidi, nalo ni kusudi la mtu na tendo lililotendeka. Fikiri mama aliyeko nyumbani, ambaye mumewe amebeba tumbaku kwenda kuiuza Songea. Jirani akija akamwambia, "Alikwenda Songea kuuza tumbaku," mama huyo bado hajui kama fedha zipo. Amejua safari na kusudi lake tu. Lakini akiambiwa, "Alikwenda Songea akauza tumbaku," aweza kuanza kuhesabu ada ya shule. Kiingereza kina tofauti hiyo hiyo. "He went to sell his tobacco" yataja kusudi. "He went and sold his tobacco" yasema kazi imekwisha. Kumbe kile kiungo ambacho kwetu ni -ka- ndani ya kitenzi, kwao ni "and" nje yake.

Neno hili si la darasani tu. Katika zama za Waingereza, mashahidi wengi wa Tanganyika walisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Na katika mahakama za juu kuandika kwa Kiingereza kuliendelea muda mrefu baada ya uhuru, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi mtu akisema mbele ya hakimu, "Nilikwenda kumpiga," na mkalimani akatafsiri "I went and beat him," yule mtu amekwisha kukiri tendo ambalo pengine hakulitenda. Labda alifika mlangoni, akawakuta wazee, akarudi. Na hata Kiswahili chenyewe hapa chataka uangalifu, kwa sababu katika mazungumzo watu husema "nilikwenda kumwona" hali wamekwisha kumwona. Mkalimani mwema hakisii. Huuliza tena: ulipokwenda, ulimpiga?

Katika kuamuru, Kiingereza hutumia "and" moja kwa njia zote: "go and call him", "come and eat". Sisi hutofautisha. Twasema "nenda kamwite", kwa kuwa tendo litafanyika huko aendako. Lakini twasema "njoo ule", bila -ka-, kwa kuwa chakula ki hapa. Wamarekani wengi huiacha "and" kabisa, wakasema "go see", nao hapo wamekaribia njia yetu. Siku hizi nasikia vijana wakisema "njoo na ule", kwa kuifuata Kiingereza neno kwa neno. Sipendi. Na ya Kiswahili ina kazi mbili, kuunga na kufuatana, kama katika "njoo na mwanao". Kwa hiyo mtu aliyeambiwa "njoo na kula" aweza kudhani ameagizwa kuja na chakula chake mwenyewe.

Tena kuna "go and" ambayo hakuna mtu aliyekwenda po pote. Mwingereza aliyeudhika husema "he went and broke the pot", na mtoto alikuwa amekaa jikoni muda wote. Hapo "went and" yaonyesha uchungu wa msemaji tu. Sisi twasema, "Si akakivunja chungu!" Atakayetafsiri kwamba mtoto alikwenda atakuwa ameongeza safari isiyokuwapo.

Wala tusidhani kuwa Kiswahili kwa upande wake hakina hila yake. Twaweza kusema, "Aliamka na kuoga na kula na kuondoka." Kitenzi cha kwanza kimevaa nafsi na wakati, na vile vingine vimejifunika nguo yake. Kiingereza hakikubali jambo hili; "he woke up and to wash" si kitu, yapasa kila kitenzi kiwe na wakati wake. Mimi hupenda -ka- mambo yanapofuatana kama hatua za safari, na hutumia na ku- pale ambapo mfuatano si neno kubwa, kama vile "walikaa wakicheka na kuimba."

Limebaki neno la kukataza. Mgonjwa anayengojea kupasuliwa aweza kuandikiwa "not to eat or drink". Neno "or" alifundishwa kuwa ni au. Akiliandika hivyo, "asile au asinywe", mgonjwa atadhani amepewa hiari: nisile, lakini uji ninywe. Baada ya "not", "or" ya Kiingereza ndiyo wala yetu: asile wala asinywe, vyote viwili vimekatazwa. Lakini ubao wa barabarani usemao "do not drink and drive" haukatazi pombe, wala haukatazi kuendesha gari, wakataza kuviunganisha. Kwa Kiswahili ni wazi zaidi: ukinywa, usiendeshe.