Lori linapogombea mafuta na kikaango

Mwaka 2022 bei ya mafuta ya kula ilipopanda, mama lishe wa Manzese alimlaumu mwenye duka, mwenye duka akamlaumu wa jumla, na wa jumla akataja vita vya Ukraine. Vita vilikuwa sababu ya kweli, maana Ukraine ni muuzaji mkubwa wa mafuta ya alizeti. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haikusemwa sana, nayo ni malori ya Indonesia.

Indonesia hutoa zaidi ya nusu ya mawese yote duniani, na mafuta mengi ya kula tunayoagiza kutoka nje hutoka huko na Malaysia. Januari 2020 serikali yake iliagiza dizeli inayouzwa nchini humo ichanganywe na asilimia 30 ya dizeli ya mawese. Mwaka 2023 kiwango kikawa 35, na mwaka 2025 kikawa 40. Nia yao ni kuokoa fedha za kigeni na kumhakikishia mkulima wao soko. Tofauti ya bei hulipwa kutokana na ushuru wa mawese yanayouzwa nje, na mzigo wake wanagawana mkulima wa huko na mnunuzi wa ng'ambo, sisi tukiwamo.

Msidhani kwamba mafuta ya kupikia humiminwa tu ndani ya tangi. Ni kweli kwamba mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta hayo ni mazito, huacha masizi na kuharibu injini. Kwa hiyo kiwandani kilo 100 za mafuta huchanganywa na kilo kama 10 za methanoli, ambayo ni spiriti yenye sumu, pamoja na kostiki soda kidogo, kisha hupashwa moto. Mafuta hujitenga: juu dizeli nyepesi, chini gliserini, kiasi cha kilo 10, ile ile wanayoijua watengeneza sabuni.

Hapo ndipo penye kazi. Dizeli isipotenganishwa vizuri na gliserini na maji, filta huziba. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilianza Septemba 2005 kulazimisha mchanganyiko wa asilimia mbili tu. Ilipofika Desemba, malori yalikuwa yakizimika njiani, na agizo likasimamishwa kwa muda. Asilimia mbili, ndugu zangu! Dizeli ya mawese nayo, ikiwa tupu, huanza kuganda kwenye nyuzi kama 15. Jakarta haina taabu, lakini asubuhi ya Julai pale Njombe ingeiganda.

Turudi sokoni. Aprili 2022 Indonesia, nchi ya mawese, ilipiga marufuku kuuza mafuta hayo nje, kwa sababu wananchi wake wenyewe walikuwa wakipanga foleni kutafuta ya kupikia. Marufuku ilianza tarehe 28 Aprili ikaondolewa 23 Mei. Dizeli peke yake haikuleta uhaba huo: bei ya nje ilikuwa nono na ya ndani imewekewa kikomo, wafanyabiashara wakaitazama bandari. Hata hivyo, pipa lililokwisha kuahidiwa lori halirudi jikoni.

Binafsi siwalaumu, kila nchi hujikuna inapojipata. Wala si wote huku wanaopata hasara. Mawese yakipanda bei, mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma hupata wanunuzi. Yakishuka, magunia yake hukaa ghalani. Mkulima huyo na mama lishe wa Manzese wanavutana kwenye kamba moja, na wanaoishika katikati wako Jakarta. Nao wamekwisha kusema kwamba wanataka kufika asilimia 50.