Kulinda ubongo: kidonge cha presha au dripu ya milioni 66?

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu huufikia kupitia mishipa midogo ambayo ikiungwa pamoja inakadiriwa kufika kilomita 600. Seli za kuta za mishipa hiyo zimebanana, zikichuja kinachoingia ubongoni na kinachobaki nje. Mfumo huo wa kuchuja, kizuizi cha damu na ubongo, tutauita "kizuizi".

Kizuizi ni kikali. Inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 98 ya dawa za molekuli ndogo hazipiti. Kwa dawa za kingamwili, kiwango kinachopatikana ubongoni huwa takriban asilimia 0.1 ya kile kilichomo kwenye damu. Ndiyo maana husemwa kwamba kulinda ubongo ni nafuu kuliko kuutibu. Nafuu kwa kiasi gani?

Tuanze na tiba. Lecanemab, kingamwili ya ugonjwa wa Alzheimer's, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Tukichukua Sh2,500 za Tanzania kwa dola, ni Sh66,250,000. Hapo vipimo vya picha za ubongo havimo, wala gharama ya kutundikiwa dripu kila wiki mbili.

Jaribio lake lilihusisha watu 1,795 kwa miezi 18. Katika kipimo cha pointi 18, waliopata dawa walididimia kwa 1.21 na wasiopata kwa 1.66. Tofauti ni 0.45. Watengenezaji huitaja kama asilimia 27, kwa kulinganisha 0.45 na 1.66. Ukiilinganisha na kipimo kizima, ni asilimia 2.5. Hesabu zote mbili ni sahihi. Aidha, asilimia 12.6 ya waliopewa dawa walionekana na uvimbe ubongoni, dhidi ya asilimia 1.7 ya wengine. Uvimbe huo hutokana na majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa, yaani kwenye kizuizi chenyewe.

Sasa kinga. Presha ya muda mrefu huchosha kuta za mishipa midogo. Jaribio la SPRINT la Marekani liligawa watu 9,361 wenye presha, wa miaka 50 na zaidi: kundi moja lilishushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, lingine chini ya 140. Upungufu mdogo wa kumbukumbu na kufikiri uliwapata watu 14.6 kwa kila 1,000 kwa mwaka katika kundi la kwanza, na 18.3 katika la pili. Kwa makadirio ya watafiti, ni pungufu ya asilimia 19.

Kwa idadi ya watu, tofauti ni 3.7 kwa kila 1,000. Gawanya: watu 270 hutibiwa mwaka mzima ili mmoja aepuke. Kwa dimensia yenyewe, 7.2 dhidi ya 8.6, tofauti haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati tu.

Kundi la 120 lilitumia wastani wa dawa 2.8, jingine 1.8, kwa hiyo nyongeza ni dawa moja. Tukadirie kidonge kimoja kwa siku kwa Sh100: Sh36,500 kwa mwaka. Ongeza mahudhurio manne ya kliniki kwa Sh10,000 kila moja: jumla Sh76,500. Zidisha kwa 270 upate Sh20,655,000.

Bei ya kidonge peke yake ni chini ya asilimia 0.1 ya bei ya dripu. Gharama ya kumwepusha mtu mmoja ni asilimia 31 yake. Kidonge kikiwa Sh300, inapanda hadi Sh40,365,000, sawa na asilimia 61.

Ulinganisho huu una mipaka. Upande mmoja unachelewesha ugonjwa uliokwishaanza, mwingine unazuia dalili za awali. SPRINT haikuhusisha wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi, na matokeo hayo hayakutokana na kupima kizuizi moja kwa moja. Kwa upande wa pili, kundi la 120 lilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 27, faida ambayo hesabu hii haikuiingiza.

Hivyo kinga ni nafuu mara 1.6 hadi 3.2, si mara elfu. Hata unafuu huo unategemea dawa kumezwa kila siku, na kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, ni takriban mtu mzima mmoja kati ya watano wenye presha ambaye presha yake imedhibitiwa.